Naibu Waziri Apanda Bumbuli

Mwanamisi alikuwa akipalilia kabichi kijijini kwake Bumbuli, juu mlimani, alipoona gari la serikali likisimama nyumbani kwake. Aliyeshuka alijitambulisha kuwa Naibu Waziri wa Ulinzi.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kuwasalimia wazazi wa askari wetu."

"Marahaba," alijibu, asimwamini hata kidogo. Mtu mzito kama huyu hapandi mlima wote ule kwa salamu tu. Mwanawe Hassani alikuwa nje ya nchi kwenye ulinzi wa amani.

"Mpigie mwanangu simu niongee naye," Mwanamisi alisema, bila hata kumkaribisha kiti.

Naibu Waziri akapiga. Mwanamisi alimhoji mwanawe kwa Kishambaa mpaka akaridhika kuwa ni yeye hasa, lakini sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyetoka kulia. Shaka ikamrudia. Kijijini pale walikuwa wameondoka vijana wawili kwenda kulinda amani, Hassani na Severin, mtoto wa jirani yake Marietha.

"Ni Severin?" aliuliza, akirudisha simu.

Mgeni aliinamisha kichwa. "Jana. Sikutaka mama yake asikie msiba huu redioni. Natafuta mtu wa kunipeleka kwake."

Mwanamisi alinawa udongo mikononi, akajifunga kanga, akatangulia kushuka kwa Marietha.