Marehemu Mwenye Haradali Kidevuni

Tuire Lempiälä alikuwa fundi wa miwani mjini Kajaani, na watoto wake wawili walikwisha hama nyumbani. Akirudi kutoka kazini alikuwa mtu mwingine: alikuwa Puolukka, kitunda chekundu cha msituni. Ndilo jina alilojiandikisha nalo kwenye jukwaa letu la mtandaoni, sisi tunaotunga muziki kwa kompyuta za miaka ya themanini. Chipu ya kompyuta hizo ina sauti tatu, basi. Ngoma, besi, wimbo, umeshamaliza. Ukitaka ya nne, unaiba nafasi kwa sauti nyingine haraka kiasi kwamba sikio halishtuki. Sisi raha yetu iko hapo hapo, kwenye kubanwa. Wengine wanasikia kelele za michezo ya watoto tu.

Mumewe Asko alikuwa mmoja wa hao wengine.

"Mke wangu, hicho kidude kina homa?" aliuliza akipita na taulo begani kwenda sauna. "Kinaugua tangu mchana."

"Pita zako."

"Kipe dawa, angalau."

Mtu aliyemfundisha Tuire karibu kila alichokijua alijiita Harmaa, yaani Kijivu. Kwenye mikutano yetu ya kiangazi hakuwahi kuja hata mara moja, lakini jukwaani alikuwepo sikuzote. Mgeni akiuliza swali la kijinga, Harmaa alimjibu kwa upole, aya baada ya aya, bila kumcheka. Nyimbo zake tulizifungua vipande vipande kuona alivyozijenga. Chipu yake ilipoungua, Tuire ndiye aliyemtumia nyingine kwa posta, kwa jina lake halisi, Jouko Ikäheimo, huko Varkaus.

Februari, Harmaa akatuandikia kwamba ana saratani ya kongosho na kwamba haponi. Baada ya wiki kadhaa akawa hawezi kuandika, akaanza kuandika dada yake. Dada huyo alijua kusimulia. Alisema kaka yake hali chakula tena, ananyonya vipande vya barafu. Alisema miguu yake haipati joto, kwa hiyo anamvisha soksi za sufu jozi mbili. Alisema anagonga blanketi kwa vidole vitatu, kana kwamba bado anatunga. Tulisoma hayo kazini, tukajifanya tumeingiwa na vumbi machoni. Mwezi wa tano dada akaandika: amelala. Mazishi ya familia tu. Tafadhali msilete maua.

Tukamtengenezea albamu. Kila mtu alileta wimbo, lakini wa Tuire ulituacha wengine wote nyuma. Aliutunga kwa sauti moja, zile mbili akaziacha kimya, na ile moja ilitetemeka kama mtu anayejizuia asilie. Siku aliyoumaliza, Asko alisimama mlangoni na hakutania.

"Huyu ndiye yule wa chipu?"

"Ndiye."

"Hujawahi hata kumwona."

"Na wewe ulilia timu yako iliposhuka daraja. Ulikuwa umemwona nani?"

"Hapo umenipata," Asko alisema, akaenda kuweka kahawa.

Julai wakawa wanakwenda kwenye kibanda cha ziwani cha wazazi wa Asko, karibu na Savonlinna, na Varkaus iko njiani. Tuire alirekodi albamu nzima kwenye kaseti, akaifunga kwa karatasi nzuri, ampelekee dada mtu. Asko akabaki garini na aiskrimu yake. Tuire akapanda ngazi, akabonyeza kengele.

Aliyefungua alikuwa mwanamume mnene wa miaka hamsini hivi, kifua wazi, kaptula, soseji mkononi, na haradali kidevuni. Nyuma yake, kutoka chumbani, Tuire alisikia wimbo wake mwenyewe ukilia. Alidhani huyu ni shemeji wa marehemu.

"Samahani kwa kusumbua. Poleni na msiba. Namtafuta dada yake Jouko."

Mwanamume alitazama kaseti, kisha uso wake. Picha zetu za mikutano alikuwa anazijua.

"Puolukka," alisema. "Ingia basi, kahawa ipo."

Tuire alivua viatu akaingia. Miguu ilifanya ilivyozoea kufanya. Alikalishwa mezani, akamiminiwa kahawa, akasogezewa kipande cha mkate mtamu wa iliki, akakiuma kwa adabu.

"Dada hayupo?" aliuliza.

"Sina dada. Mimi nimezaliwa peke yangu."

"Kwani wewe ni nani?"

"Ah, acha hizo. Unajua."

Tuire alijua, na mkate ulikuwa bado mdomoni.

"Uliandika umekufa," alisema.

"Nilichoka na jukwaa. Kuaga hivi hivi kunaboa. Halafu nikasema, ngoja nione watasema nini. Kila mtu angependa kujua hilo, mimi nimethubutu. Na senti ya mtu sikuchukua."

"Watu wamelia, Jouko."

"Nimeona. Nimesoma zote, tena nimerudia." Alijifuta vidole kwenye kaptula, akanyooshea spika. "Huu wako ndio bora. Ila katikati pale umeuachia mtetemo mrefu mno, ungeukata mapema. Lakini niambie ukweli, miaka yote hii, umewahi kutunga kitu kama hiki? Hujawahi. Sasa nani kakitoa ndani yako? Mimi."

Mkate uligeuka pamba mbichi mdomoni mwa Tuire. Aliutema kiganjani, akatafuta pa kuuweka, akauweka kwenye sahani. Jouko aliutazama mkate, si yeye.

"Haujaiva?" aliuliza.

Tuire alitoka na viatu mkononi. Alishuka ngazi kwa soksi, akavuka changarawe kwa soksi, akaingia garini.

"Vipi huyo dada?" Asko aliuliza. "Amefurahi?"

"Endesha."

"Amelia, eeh?"

"Asko, nakuomba uendeshe gari."

Walipovuka daraja alimwambia asimame, akatapika kwenye maua ya kando ya barabara. Kisha akauosha mkono kwa maji ya chupa, ule alioutemea mkate, akausugua, akataka chupa ya pili. Asko alimshikia chupa.

Jioni ile ile, kutoka kibandani, alituandikia yote. Ningependa kusema tulisimama naye sote, lakini haikuwa hivyo. Wengine walimwita mwongo. Wengine waliamini, wakaanza utani: kwamba Harmaa sasa ana sauti nne, kwamba marehemu aletewe soseji. Kuna waliomwandikia Harmaa mwenyewe wakimsihi arudi. Naye akarudi, akabandika andiko refu akisema kifo kile kilikuwa jaribio la kisanii kuhusu upweke, na watu wazima na akili zao wakaanza kulijadili kwa heshima, nukta kwa nukta. Msimamizi wetu, Rauno, akasema tusiwe na haraka, tusikilize pande zote. Pande zote! Mimi nilisoma yale nikahisi nataka kuoga.

Wa kwanza kumpigia Tuire simu alikuwa Ilpo wa Iisalmi, fundi wa reli mstaafu, mtu asiyeandika sana. Mkewe Kaija alikuwa amekufa kwa saratani ile ile miaka michache nyuma.

"Zile soksi," Ilpo alisema, bila hata salamu. "Jozi mbili."

"Soksi gani, Ilpo?"

"Na barafu. Na vidole kwenye blanketi. Nilimwandikia mimi. Aliniuliza faraghani, mwisho ukifika inakuwaje. Nikajua kaka wa watu anaogopa. Nikamwambia yote, Tuire, mambo ambayo wanangu sijawaambia. Yule aliyekuwa anakufa mle jukwaani alikuwa Kaija wangu."

Tuire alikuwa ameketi kwenye ngazi za sauna. Mbu walikuwa wakimla miguuni, asiwafukuze.

"Wimbo wangu," alisema hatimaye. "Nitabadilisha jina. Nitaufanya wa Kaija."

"Hapana. Usimpe Kaija makombo ya yule." Hakulisema kwa hasira. Kisha akamtakia Tuire kiangazi chema, kama mtu aliyelelewa vizuri, akakata. Siku iliyofuata jina lake halikuwepo tena jukwaani, na kuaga hakuaga.

Ndipo Tuire alipompigia Rauno.

"Utoe wimbo wangu kwenye albamu."

"Dada yangu, ndio unaosikilizwa kuliko zote! Muziki umekosa nini?"

"Unanuka, Rauno."

"Umekasirika tu. Tulia kwanza, tutaongea."

"Sijakasirika. Nimekinai. Utoe, au niondoke, na nikiondoka nitasema kwa nini Ilpo ameondoka."

Aliutoa. Na yaliyompata Ilpo yalipojulikana, Harmaa naye alifungiwa mlango, kwa kuchelewa na kwa shingo upande. Lakini wimbo ulikuwa umeshasambaa. Tuire aliukuta siku moja kwenye video ya kijana wa nchi ya mbali, ukiwa nyuma ya picha za paka. Aliizima haraka, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Hakuacha kutunga. Alirudi kwenye nyimbo za kuchezeka, za sauti tatu zinazogombana, na Asko akarudi kuzilalamikia. Tulidhani yamekwisha.

Majira ya baridi yaliyofuata, msichana mmoja wa Rovaniemi, mgeni kwetu, aliandika kwamba mama yake amefariki, kwa hiyo hatamaliza wimbo wake wa mwezi huo. Tulimpa pole sote. Tuire alikawia. Alifungua kwanza gazeti la kule, akapitia matangazo ya vifo, akalipata jina la mama, na chini yake la binti. Ndipo akaandika pole yake, nzuri, ndefu.

Kisha akaenda jikoni, Asko akimenya viazi.

"Nimemkagua mtoto wa watu kama mwizi," alisema.

"Ikawaje?"

"Ni kweli. Mama yake amekufa."

"Basi, si umejua."

"Nilipoliona jina lile nilifurahi, Asko. Mama wa mtu amekufa, nami nimekaa pale nafurahi."

Asko aliweka kisu chini. Alitaka kumshika mkono, lakini Tuire aliurudisha nyuma, akaenda kwenye sinki, akafungulia maji.