Mnanaha Kando ya Zizi

Mama alipomkaribisha baba mezani, nilijua mambo yameharibika. Baba tulimzika zamani, na kaburi lake unaliona ukiwa umekaa hapo hapo sebuleni.

"Sogea, baba yako akae," akaniambia. Nikasogea. Ningefanya nini? Macho ya mama yalikuwa mboni tupu, ngozi ya moto na haina jasho hata tone. Vidole vilikuwa vinachuma kitu hewani, kama anayechambua mboga.

Majirani zetu wa Pap Onditi walishajaa na Biblia zao, wanakemea pepo.

"Ukimtoa nje sasa, pepo litamfuata," akasema mke wa mchungaji.

Moyo wa mama ulikuwa unadunda mpaka unauona shingoni. Nikapandwa na hasira. "Basi litapanda gari pamoja na sisi!" nikasema, nikambeba mwenyewe.

Kisumu, daktari alimmulika macho, akauliza amekula nini. Osuga, nikasema, ile mnavu yetu ya maziwa. Mimi niliponea kwa kuchelewa kufika kutoka mjini. Mvua ilikuwa imeotesha mnanaha kando ya zizi, lile gugu la maua meupe ya tarumbeta, katikati ya osuga yetu. Mama, ambaye siku hizi haoni vizuri, alichuma vyote pamoja. Na uchungu je? Woi, sisi osuga isiyo chungu hatuiiti mboga! Alikula akaongeza.

"Hayo anayoyaona si pepo, ni sumu," daktari akasema. "Na kinachoua ni moyo kwenda mbio hivyo, pamoja na hilo joto. Mngeendelea kuomba tu, mngemzika."

Mama akapona. Niling'oa mnanaha wote, nikautumbukiza chooni, nikadhani yameisha.

Juzi nimerudi nyumbani, nikamkuta nyuma ya choo na kikombe cha maji. Mche mmoja wa mnanaha, umeshatoa ua. Ameuzungushia miiba ili mbuzi wasiufikie.

"Mama! Hii kitu ilitaka kukuua!"

"Najua," akasema, bila kugeuka. "Lakini siku ile baba yako alikuwa anacheka, mwanangu. Kwa picha zake zote hakuna hata moja anacheka."

Niliung'oa nikilia. Hakunizuia.

Sasa kila jioni nampigia simu kumuuliza amekula nini. Ananijibu polepole, "Osuga tu," na mimi naogopa kukata simu.