Teksi Iliyolipa Ada

Mtaani walimwita Daktari, naye hakuwakatalia. Mwanzoni alijaribu. Alieleza kwamba yeye si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, na kwamba fiziotherapia ni elimu ya kuvirudisha viungo kazini baada ya ajali na maradhi, wala si kukanda watu miguu. Jirani mmoja alimsikiliza kwa makini mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe! Basi pita jioni unikande hili bega." Daktari akapita jioni, akakanda. Tangu hapo hakueleza tena.

Shahada yake ya miaka minne ililipiwa na teksi. Baba yake alikuwa dereva mwenye gari lake mwenyewe, jeupe, lenye mlango mmoja wa kijani uliotoka kwenye gari jingine. Barua ya chuo ilipofika, mzee aliliuza bila kumuuliza mtu, akaenda kuajiriwa kuendesha gari la mwenzake. Siku ya mahafali kijana alisimama na joho lililomfika vifundoni, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba haitapita miaka miwili atamnunulia baba gari jipya. Watu wakapiga makofi. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyewahi kupigia makofi habari yoyote inayohusu mshahara wake.

Mshahara wenyewe ulikuwa na adabu za mgeni mwenye haraka: ukibisha hodi tu, unaaga. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma kabisa ya hospitali, baina ya kwa dobi na stoo ya magongo, na wagonjwa waliokipata bila kupotea alihesabu kuwa wameshaanza kupona. Mkewe alikuwa mshonaji, fani aliyojifunza kwa miezi sita kwenye baraza ya shangazi yake, na alimpita kipato tangu walipooana. Msimu wa sare za shule ukifika, mwenye shahada ndiye aliyekuwa akisimama kando ya cherehani kuomba nauli. "Andika sababu," mkewe humwambia bila kuinua macho, "tutakujibu." Daktari hucheka, huichukua nauli, hujiambia kwamba angalau amesomea namna ya kusimama wima.

Na baba yake naye alikuwa na lake. Kila wakikutana, humuuliza, "Teksi yangu imefika wapi?"

"Iko njiani, baba."

"Basi dereva wake mwoga sana huyo."

Wakacheka hivyo miaka nenda miaka rudi. Kisha mzee akaanguka bafuni, nyonga ikavunjika. Baada ya upasuaji, mwanawe ndiye aliyemwinua kitandani, akamfundisha kusimama, akamtembeza ukumbini akitukanwa kila hatua, mpaka mkongojo ukarudishwa stoo. Mzee alipona. Lakini baada ya hapo alipunguza kuulizia teksi, na hilo lilimuuma Daktari kuliko alivyotarajia. Mtu akiacha kukudai kwa utani, ameshakusamehe, na Daktari hakutaka kusamehewa. Alitaka mzee aendeshe gari lake angali hai.

Ndipo likatokea duka la viti vya umeme, vile vinavyomkanda mtu mgongo huku amekaa. Walitafuta muuzaji mwenye shahada ya afya, ili wateja waamini. Mshahara ulikuwa mara tatu ya ule wa hospitali, na kamisheni juu. Daktari akaomba ruhusa kazini, akaenda siku ya majaribio. Kabla ya kutoka alimwambia baba yake, "Leo vaa, baba. Jioni tunakwenda yadi kuangalia gari." Mzee hakutania. Aliomba apigiwe shati pasi.

Dukani walimvika koti jeupe ambalo hospitali haikuwahi kumpa. Meneja, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akamletea mteja wa kwanza: tajiri mwenye maghala, anayelalamika kiuno upande wa kulia. Tajiri akaketi, kiti kikawashwa, akafumba macho kwa raha. Kazi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni Daktari kunyamaza. Lakini alimwona anapoketi amepinda, na mdomo ukamponyoka.

"Samahani, mzee. Hicho ulichokalia ni nini?"

"Waleti yangu."

"Huwa unaikalia siku zote? Hata kwenye gari?"

"Naiweka wapi tena?"

"Ihamishie mfuko wa mbele. Uache kuikalia wiki chache tu, uone."

Tajiri akaitoa waleti, nene ya kutosha kununulia viti viwili, akaitia mfuko wa mbele. Akaketi tena, akajigeuza huku na huku. Akamshukuru sana, akampa mkono, akaondoka.

Meneja akakizima kiti. "Kaka," akasema, "hilo koti liache hapo kwenye msumari."

Daktari alimkuta baba yake barazani, shati limenyooka, viatu vinang'aa. Akamsimulia yote, kwa kuwa hakuona pa kujificha. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hilo la waleti si ndilo uliloniambia mimi, uko mwaka wa kwanza?"

"Ndilo, baba."

"Na mgongo ukapona."

"Ukapona."

"Basi ungeniambia mapema kwamba elimu yenyewe ndiyo hiyo. Ningeuza matairi tu." Akajifuta machozi ya kicheko, akasimama. "Twende yadi. Shati limeshapigwa pasi."

Yadi haikuwa mbali, wakaenda kwa miguu. Muuzaji akawafungulia gari jeupe. Mzee aliingia, akasogeza kiti, akaweka kioo sawa, akashika usukani kwa mikono miwili. Akakaa. Muuzaji akataja bei, na Daktari akaanza kuigawa kwa mshahara wake kichwani, akaacha njiani. Mzee bado amekaa, anatazama mbele yake. Daktari alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na joho lake.

Hatimaye mzee alishuka, mguu mmoja kisha wa pili, bila kushika mlango.

"Kiti kibaya hiki," akamwambia muuzaji. "Kitanimaliza mgongo. Muulize mwanangu, amekisomea."

Muuzaji akamgeukia. Daktari alikuwa ameshakikagua kiti kile tangu mlango ulipofunguliwa, kwa mazoea tu. Kimo chake sawa, kiuno kinashikwa vizuri, paja linaegemea linapotakiwa. Hakuwahi kuona kiti cha gari kizuri kuliko kile.

"Kibaya sana," akasema. "Hakifai kabisa."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akashika njia ya nyumbani. Daktari akamfuata hatua chache nyuma, macho kwenye nyonga ya baba yake.