Jina la Vénuste Kwenye Kioo

Msiniletee habari za ujasiri hapa. Siku ile Cansilde aliogopa, tena sana.

Kazi yake katika kampuni ya pareto pale Gisenyi ilikuwa kuchunga programu ya katikati. Makarani wa vituo vya mashambani waliuliza mambo kwenye kompyuta zao, habari zenyewe zilikaa kwenye mashini kubwa, na hakuna aliyezifikia bila kupitia kwa programu ile. Kioo cha kompyuta ya Cansilde kilionyesha majina ya wote waliomo.

Asubuhi hiyo bunduki za wavamizi zililia Busasamana, alikokuwa mdogo wake Vénuste, karani wa kituo cha huko. Kila akipiga simu, laini iko bize, maana kompyuta ya kituo ilipitia laini hiyohiyo ya simu. Lakini jina la Vénuste lilikuwa bado kwenye kioo.

Hilo lingemtuliza, ila alijua alichokifanya. Zamani programu ilimtoa yeyote aliyekaa nusu saa bila kugusa kitu. Makarani walilalamika weee, Cansilde akalizima sharti hilo. Sasa jina lingebaki palepale hata kama mwenyewe amelala sakafuni. Ee Mungu wangu!

Saa nne programu ikakwama.

"Izime, uwashe tena," akasema mkubwa wake, Karekezi.

"Shefu, nikiizima, jina yake itapotea."

"Bon, sawa, kama iko muzima, ataingia tena."

Cansilde akatii. Akaizima, akaiwasha. Kituo cha Rugerero kikarudi. Cha Rubona kikarudi. Busasamana, kimya. Dakika kumi nzima Cansilde alisali bila kupepesa macho. Kisha likatokea: Vénuste, neno la siri sahihi, ameingia.

"Iko muzima!" akalia, akamkumbatia Karekezi wa watu.

Mlango ukafunguliwa. Vénuste akaingia, matope hadi kiunoni, kiatu kimoja.

"Yaya, dada yangu, tulikimbia tangu alfajiri," akasema akihema. "Mashini niliiacha inawaka."

"Na neno la siri?"

"Iko kwenye karatasi, nilibandika pale kwenye kioo."

Makarani wote walifanya hivyo, na Cansilde alikuwa akiwacheka tu.

Furaha ikamkauka mdomoni. Yule "Vénuste" wa Busasamana alikuwa amefungua orodha ya safari za kesho za malori ya kampuni: barabara, saa, majina ya madereva. Cansilde akabonyeza kumkata. Jina likatoweka. Akashusha pumzi.

Likarudi.

Hakubonyeza tena. Alichomoa ukutani waya wa simu ulioleta vituo vyote, akabaki ameushika kwa mikono miwili, kana kwamba mtu wa upande wa pili angeuvuta.