Daftari la Malengo

Shule ya masista anakosoma mjukuu wangu haitoi nafasi. Hakuna wa kwanza wala wa mwisho. Ikifika likizo kila mtoto anarudi nyumbani na daftari la malengo. Kila somo lina malengo yake, na mbele ya kila lengo mwalimu ameandika Ameweza, Anakaribia au Bado. Tena katika kila somo mtoto hujiwekea lengo moja la kwake mwenyewe.

Mimi nilikuwa karani bandarini hapa Kigoma, nina kidato cha nne. Nilisoma katika shule ambazo majina yalitajwa mstarini, kuanzia wa kwanza mpaka yule wa mwisho ambaye wote tulimgeukia. Kwa hiyo likizo ya Pasaka, mtoto akiwa darasa la sita, aliponikabidhi daftari lile nilivaa miwani, nikalipekua mpaka jalada la nyuma.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Hakuna wa ngapi, babu."

"Haiwezekani. Hata mbio za magunia zina wa ngapi."

"Mwache mtoto ale," bibi yake akasema kutoka jikoni.

Shule ilipofunguliwa nilikwenda kwa sista mkuu. Nilimwamkia Tumsifu Yesu Kristo, akaitikia Milele amina, akanipa kiti. Nikamuuliza swali lilelile. Alifungua daftari ukurasa wa Sayansi, akaweka kidole. "Soma hapa, mzee. Ameweza kueleza safari ya chakula tumboni. Mwombe akueleze jioni." Nikasema nitamwomba. Sikumwomba.

Nilichofanya ni kwenda kwa jirani yangu hapa Katubuka, mstaafu wa reli, ambaye mjukuu wake anasoma darasa moja na wangu. Tulikaa barazani kwake na madaftari mawili magotini, tukahesabu kila palipoandikwa Ameweza.

"Wangu ishirini na mbili," alisema.

"Wangu kumi na tisa."

"Basi wangu ndiye kichwa cha treni. Wako ni behewa la mwisho, lile la ng'ombe!"

Tulicheka sana. Wasichana wenyewe walikuwa wamesimama palepale. Wa kwake alitabasamu, wangu alitazama miguu yake. Njiani nikamwambia, "Likizo ya Juni sitaki kuona Bado hata moja." Nilisema huku nikicheka, nikidhani kicheko kinalipunguzia neno uzito.

Juni alileta daftari lisilo na Bado hata moja. Ameweza ishirini na nane! Nilinunua samaki, migebuka minne mikubwa, nikamwambia bibi yake aiunge kwa mawese. Kabla mtoto hajavua sare nilikuwa nimeshafika kwa jirani, daftari kwapani, kumwonyesha behewa la ng'ombe lilivyogeuka kichwa.

Jumapili ile mama yake mtoto alikuja kututembelea. Ni binti yangu. Anauza maharage na mawese Mwandiga, na mtoto anaishi kwetu kwa ajili ya shule. Alilisoma daftari polepole, kama mtu anayesoma barua. Alipofika Sayansi alisimama, akaniwekea mbele. Lengo la mtoto mwenyewe lilikuwa limekatwa kwa mstari wa rula. Chini ya mstari bado lilisomeka: Kupima maji ya ziwa pale Bangwe kila wiki na kueleza kwa nini yanapanda na kushuka. Pembeni aliandika jipya: Kutaja sehemu za ua. Sehemu za ua alizijua tangu darasa la tatu. Kwenye Kiswahili alikuwa amekata hadithi ya kurasa tano, akaweka barua fupi.

"Baba," binti yangu alisema, "unaanza tena."

Nilijua anasema nini. Yeye alipokuwa kidato cha pili alikuwa wa thelathini na nane kati ya arobaini na mmoja, nami nikamtoa shule. Alikuwa akiweza kuchora ramani bila kutazama kitabu, na kila mto unaoingia ziwani upande wetu aliuweka mahali pake. Mwalimu aliliandika hilo kwa herufi ndogo chini ya ripoti. Mimi nilisoma namba, nikakunja karatasi. Jumapili ile nilimwambia nilikosa, miaka ishirini baadaye. Akajibu, "Sawa, baba," akaendelea kufunga mzigo wake. Sikustahili zaidi ya hapo.

Sista aliniambia kwamba malengo yanaweza kurudishwa wiki ya kwanza ya muhula, lakini lazima mtoto aombe mwenyewe. Nikamwita mjukuu wangu.

"Rudisha lile la ziwa."

"Nitapata Bado, babu. Lile gumu. Upepo unanivurugia maji."

"Upate tu. Nilikosea."

"Ulinicheka mbele ya babu jirani."

Likizo nzima nililiepuka lile neno lake. Siku moja kabla ya shule kufunguliwa nilimshika mkono, tukaenda barazani kule.

"Jirani," nikasema, "ile hesabu yetu naivunja. Nimemfanya mtoto aache kazi aliyoipenda ili mimi nikushinde wewe."

"Aaa! Umeshafika mbele, sasa unang'oa reli!" Alipiga paja. "Mwoga wewe!"

Nilizipokea kejeli zake zote. Alipoona sicheki, naye aliacha. Akamwita mjukuu wake alete daftari. Akalifungua, akaanza kutafuta mistari iliyokatwa. Ilikuwepo. Kwenye Hisabati lengo lilikuwa limekatwa mara mbili.

Tukarudi nyumbani, nikiamini nimechelewa. Kesho yake alitoka shule, akaweka begi, akaniuliza, "Babu, una mti ulionyooka, mrefu kunipita mimi?" Nilimpa ule niliouweka kwa ajili ya ua wa kuku. Akauchora alama kwa kisu, kila sentimita tano.

Alipima kuanzia Julai hadi Novemba, pale Bangwe ambapo maji yalikwishameza viwanja vya watu na kuacha mipapai imekauka imesimama. Desemba daftari lilirudi. Mbele ya lengo la ziwa pameandikwa Bado. Alinipa kalamu nisaini, macho yake kwangu.

"Kabla sijasaini," nikasema, "nieleze."

Alieleza mpaka chai ikapoa. Maji yalishuka kiangazi chote, hilo aliliweza, jua na upepo huyageuza mvuke. Lakini wiki moja ya Novemba mvua ilinyesha kila siku, na maji kwenye mti wake yakashuka upana wa vidole viwili. Wavuvi walimwambia ni upepo, unayasukuma upande wa pili. Mwalimu akamuuliza, kwa nini basi wiki iliyofuata upepo ni uleule na maji yamepanda? Hapo alikwama.

"Babu, si ulifanya kazi bandarini? Kwa nini?"

Miaka yote ile niliyaona maji yakipanda na kushuka kwenye ukuta wa gati, nikaandika mizigo. Nikamwambia sijui.

Alinitazama kidogo, kisha akavuta kiti chake karibu na changu.

"Basi Jumamosi twende wote," akasema. "Ila vaa kandambili, kuna mawe."