Mboji Yetu Ilivyofagiliwa kwa Ajili ya Wageni

Mboji yangu ilizolewa kabla tu ya sherehe ya mazingira, na walioizoa walikuwa wamevaa fulana za kijani. Kila ninapolisimulia jambo hili watu hucheka kwanza. Mimi bado sijaona cha kuchekesha.

Kabeji na sukuma wiki zinazouzwa soko la Voi hushuka kutoka milimani kwa pikapu, alfajiri. Akina mama wakifika huchambua majani ya nje yaliyokunjika njiani na kuyatupa nyuma ya vibanda, na huko yanachanganyika na karatasi na chupa hadi lori la taka lije. Jioni pikapu zinapanda tena Wundanyi, huko milimani, zikiwa tupu, isipokuwa kreti na watu waliochoka. Kule juu mashamba ya matuta yamechoka pia. Rutuba ya milima inashuka Voi kila siku ikiwa ndani ya kabeji, na hairudi. Nililiona hili mwaka niliohitimu chuo kikuu, nikiwa na shahada ya masomo ya mazingira na bila kazi, na sikuweza kulitoa kichwani. Majani yaoze kwa utaratibu hapa sokoni, yawe mboji, kisha yapande na pikapu zile zile.

Nililipeleka wazo hilo kwenye mafunzo ya biashara ya kijani kwa vijana, katika hoteli moja hapa mjini. Kila meza ilikuwa na chupa za plastiki za maji kwa ajili ya kujadili madhara ya plastiki. Mkufunzi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Vizuri," akasema. "Na app iko wapi?"

"Ni majani ya kabeji," nikamwambia.

"Sawa. Lakini app iko wapi?"

Nikaanza bila app. Msimamizi wa soko alinionyesha kona nyuma ya vibanda vya mboga na kuniambia nitumie. Aliniambia kwa mdomo tu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuwaza, niliwaza sana kama nimwombe aandike. Nikaona nitamuudhi. Niliwaza pia juu ya panya, harufu, moto, na ndovu wa mbuga ya jirani anayeweza kunusa maganda ya ndizi za Taveta akavuka reli kuyafuata. Kila asubuhi nilizamisha mkono ndani ya rundo kuona kama lina joto. Likiwa na joto niliogopa limezidi, na likipoa niliogopa limekufa.

"Digrii!" dereva wa pikapu aliyekuwa akiwaleta akina mama alikuwa akinipigia kelele. "Mgonjwa ameamkaje?"

"Ana homa kidogo."

"Mpe panadol! Mzazi analipa karo miaka yote hiyo, mtoto anakuja kupima takataka joto."

Mteja wangu wa kwanza alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba, ambaye hulima Wundanyi na kuuza kabeji zake mwenyewe pale sokoni. Aliitazama mboji ikibadilika kutoka majani hadi kitu cheusi kinachomeguka mkononi, akaamua kwamba msimu wa vuli hatanunua mbolea ya dukani hata kidogo. Aliandaa matuta yake yote akitegemea rundo langu. Hilo lilinipa furaha ya siku moja na hofu ya wiki nyingi.

"Mashimo nimeshachimba," aliniambia. "Usiponiletea, nitakupanda wewe."

Wiki ile rundo lilipoiva alikuja afisa wa mazingira, kijana wa rika langu, mwenye kamera nzuri. Alikuwa katika kamati ya kuandaa sherehe iliyokuwa ifanyike pale pale sokoni. Alipiga picha rundo, akanipiga picha mimi nikiwa nimeshika uma wa kugeuzia rundo, akaniomba niweke mboji kidogo kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya meza ya maonyesho. Nilichekecha ile ya chupa usiku huo kama unga wa ngano. Sikumuuliza kama rundo lenyewe liko salama. Nani huuliza hivyo? Alikuwa amelipiga picha.

Asubuhi iliyofuata nilikuta kona imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Vijana wenye fulana za kijani walikuwa wakipanga matofali ya kabro, na msimamizi wao alikuwa akinywa chai.

"Hapa palikuwa na mboji," nikamwambia.

"Palikuwa na rundo la uchafu. Limeenda. Wageni wanapitia hapa."

"Haikuwa uchafu. Ilikuwa imeiva kabisa."

"Sasa kama ni mali yako, bosi, mbona uliiweka nyuma ya soko kama taka?"

Nikatafuta usafiri wa kwenda jaani. Dereva wa pikapu ndiye aliyenipeleka, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Lori lilikuwa limemwaga mboji yetu katikati ya nepi na vioo, na korongo walikuwa wameshaanza kuichakura. Niliinama nikachota kiganja kimoja, nikakuta kipande cha chupa ndani. Nikachota pengine, nikakuta betri ya redio. Kitu kama hicho huwezi kukipeleka shambani kwa mtu, penye chakula chake.

Nikampigia shangazi.

"Yote?" akauliza.

"Yote."

"Hata gunia moja?"

"Nimebaki na ile ya kwenye chupa."



Sherehe ilifana, nisiseme uongo. Kulikuwa na hema, muziki, na vyungu vya maua kuanzia lango la soko hadi jukwaani. Niliuliza udongo wa vyungu umetoka wapi, maana ulikuwa mweusi mno kuwa wa Voi. Kijana aliyekuwa akivimwagilia akaniambia umeletwa kwa lori kutoka milimani, umechimbwa kandokando ya msitu. Nilimwomba arudie. Alirudia bila wasiwasi wowote. Yaani udongo zaidi ulishushwa kutoka milimani ili kuupamba mkutano wa kuhifadhi mazingira, hatua chache kutoka mahali walipoutupa ule ambao ungepanda juu.

Chupa yangu iliwekwa mezani na kibao kilichoandikwa "Ubunifu wa Vijana". Shangazi alikuja kutoka kwenye kibanda chake, aproni ikiwa imelowa, akasimama mbele ya afisa.

"Karibu mama," afisa akasema. "Ona mboji ya kijana wetu."

"Hii ya kujaza kikombe nimeiona, baba. Ile ya kujaza shamba iko wapi?"

Watu wakacheka. Afisa akapunguza sauti. "Mama, hilo ni suala la usafi. Ni kitengo kingine. Tutafuatilia."

"Mfuatilie. Na mvua mmeiambia isubiri?"

Muda si mrefu mgeni rasmi akasimama. Akasema taifa litaokolewa na vijana wanaoona mali ndani ya taka, na kwamba tuache kungoja kazi za ofisini. Watu walipiga makofi. Mimi nilikaa na mikono mapajani nikihesabu sababu za kunyamaza, na kila moja ilikuwa ya kijinga kuliko iliyotangulia.

Mvua ilikuja wakati wake. Shangazi alinunua mbolea ya dukani ya kutosha matuta yaliyo karibu na nyumba, na yale mengine akayapanda hivyo hivyo, na kabeji zake zilitoka kama ngumi za mtoto. Sokoni, kona yangu sasa ina kabro na kibao kinachokataza kutupa taka, kwa hiyo taka zinatupwa hatua tatu pembeni yake.

Jioni moja, kabla ya pikapu kuondoka, shangazi na wenzake walianza kupakia magunia ya majani mabichi.

"Gari langu si la taka!" dereva akalalamika.

"Asubuhi ulizibeba zikiwa mboga," shangazi akamjibu. "Funga hapo nyuma, twende."

Yataozea kwake, nyuma ya zizi, mahali ambapo hakuna mgeni rasmi anayepita. Nikamuuliza mimi nitafanya nini sasa, maana biashara ilikuwa yangu.

"Utakuja kugeuza," akasema. "Si ndiyo uliyosomea?"

Sijui kama hiyo ni kazi. Nimeshawaza hilo kwa kila upande na bado sijui. Afisa wa mazingira alisikia habari hizo, akanipigia wiki iliyopita akitaka kupanda na kamera kuja kupiga picha ya alichokiita mradi wetu. Nilimwambia hapana. Mchana kutwa nilijiuliza kama nimekosea, kama nimejifungia mlango, kama ningesema kwa upole zaidi. Jioni alipiga tena, nikamwambia hapana.