Unga Chini ya Mvule wa Marambo

Alfajiri hii ya mwaka 1949, umande haujakauka, Saburi Kaimu amejibanza nyuma ya kichuguu huko Marambo, Nachingwea. Mpasua mbao huyu hajaja kupasua mbao. Amekuja kumkamata mtu.

Mbele yake umesimama mvule. Pandanisha minazi mitatu, bado hujaufikia. Saburi anautaka kwa mbao za msikiti wa kijijini, na anautaka upesi: mashine za Waingereza zinazofyeka msitu kwa shamba la karanga zinakuja upande huu. Zikiuangusha, utachomwa moto pamoja na vichaka.

Lakini mti mkubwa hapa haukatwi hivi hivi. Jioni humwagwa unga shinani, wakaombwa wazee waliotangulia. Asubuhi ukikutwa umetulia, wameridhia. Ukikutwa umetibuka, weka msumeno chini. Mkewe, Mwantumu, ameshaumwaga mara mbili, na mara zote umekutwa umetibuka, una alama za vidole. Jana jioni ameumwaga tena.

"Wazee gani wana vidole?" ananung'unika Saburi peke yake. "Ni Jumaa huyo!"

Jumaa ni mwenzake wa msumeno, huyu huvuta huku, yule kule. Tangu aonekane akinywa chai na msimamizi wa mashine, Saburi haamini hata salamu yake.

"Anataka mti uangushwe na mashine, naye apewe kazi huko. Juzi nilimwambia mbele za watu: wewe ni mchawi!"

Majani yanachakarika. Saburi anaruka, ngumi tayari. Loo! Ni Mwantumu, anautawanya unga kwa kiganja.

"Mama Ashura! Wewe?"

"Mimi, Baba Ashura. Baba yangu aliangukiwa na mti mdogo kuliko huu. Nikikukataza mimi husikii. Nikasema labda wazee utawasikia."

Saburi anamkumbuka Jumaa, anatoka mbio hadi kwake. Mlango umefungwa. Jirani anasema ameondoka jana na virago vyake kwenda Nachingwea mjini.

"Alisema hawezi kuvuta msumeno mmoja na mtu anayemwita mchawi."

Anarudi shinani machozi yakimlengalenga. "Nimemfukuza mwenzangu bure kabisa. Mbao zikitoka nitamfuata nikamwombe radhi. Lakini zitatokaje? Nitakata na nani?"

Mwantumu anautazama mvule hadi kileleni, anakaza khanga kiunoni.

"Jioni namwaga unga mwingine, na sitautibua. Ukitulia, nashika msumeno upande wa Jumaa. Mti ukianguka vibaya, utuangukie wote wawili."